Zamu Yako Kule Mlimani Krete

Kaka Idi,

Nimekaa dukani kwetu Xiaobei, hapa Guangzhou, mlango nimeushusha nusu, wateja wanainama wananichungulia kisha wanapita. Waache wapite. Tangu uondoke sina ulimi wa kumbembeleza mtu anunue kiatu. Jana mteja mmoja aliniuliza bei, akauliza tena, alipouliza mara ya tatu nikamwambia aende kwa jirani. Ungekuwepo ungenisema mpaka nilie, halafu ungenitania mpaka nicheke. Sasa hakuna wa kunisema, nafanya ninavyotaka, na sitaki chochote.

Tulikuzika siku ileile, kama inavyotakiwa. Asubuhi ulianguka kwenye ngazi za soko la Zhanqian Road, na kabla ya Magharibi ulishakuwa chini ya udongo wa Guangzhou, umeswaliwa na imamu wa Kichina ambaye hata jina lako lilimshinda. Watu walijaa, Kaka. Wa Dar, wa Unguja, hata Wakongo na misalaba yao shingoni walilibeba jeneza. Mama, kule nyumbani, alisikiliza kwenye simu. Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo mimi nilibaki ghorofani nimekumbatia begi lako la fimbo za gofu, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na mlango.

Gofu. Nikilitamka tu neno hilo napandwa na hasira. Ulipoanza nilikucheka: mtu mzima na ndevu zake, anashinda juani kutwa kutafuta tundu. Ukaniambia laoban Huang, bosi mwenye kiwanda cha viatu, hazungumzi bei ofisini, bei anaizungumzia uwanjani, na anayetaka viatu vyake amfuate huko. Basi ukajifunza kwa ajili ya bei, na mara ukawa umenogewa. Kisha ukanikokota na mimi mpaka uwanja wa mazoezi, na hijabu yangu, Wachina wanatukodolea macho. "Zuu, hiyo ni fimbo, si mwiko wa ugali. Legeza mkono." Nikipiga mpira ukatingishika tu pale pale, unasema, "Si haba, umeuamsha."

Laoban alipotualika Krete ulikesha bila usingizi. Kila mwaka huwapeleka wanunuzi wake kwenye kisiwa hicho cha Mediterania, kwenye uwanja uliochongwa juu mlimani, wakacheze wawili wawili, mpira mmoja kwa watu wawili. Mmoja anapiga, mwenzake anaufuata ulipoangukia naye anapiga, hivyo hivyo kwa zamu mpaka uingie. Kuanza kwenye mashimo ya namba witiri ukanipa mimi, shufwa ukachukua wewe. Na nilijua kwa nini. Kwenye picha aliyokupa laoban kulikuwa na shimo moja la namba shufwa, unasimama ukingoni mwa jabali, mbele yako korongo, bendera iko ng'ambo. Ukaibandika picha ile juu ya kabati la viatu. "Hili langu," ukasema. "Hata ukilia, Zuu, hili silitoi."

Viza zilitoka ukiwa umeshazikwa. Zilitoka zote mbili.

Sikutaka kwenda. Laoban mwenyewe alikuja dukani, akakaa kwenye boksi, akasema nisiende kama siwezi. Nilikwenda kwa jambo moja tu, nalo nakwambia bila haya: nilitaka nikuhisi. Ghorofani sikukuhisi. Dukani sikukuhisi. Kwenye dua nilijilazimisha, nikaambulia kuumwa magoti. Nikasema labda uko kule ulikokuwa ukikutamani, nikisimama pale kwenye picha nitajua kuwa upo, hata kidogo, hata kwa kusisimka mwili. Mungu anisamehe kama ni kufuru. Sikuwa na pengine pa kukutafuta.

Kaka, ule si uwanja, ule ni ugomvi. Mawe matupu, vichaka vya miiba, nyasi zimebandikwa kwenye mteremko kama kiraka. Unapiga mpira unapanda, unatua, halafu unageuka na kurudi kukufuata miguuni. Upepo unakusukuma mgongoni ukiwa umeshainua fimbo. Pumzi zinakatika, kengele za mbuzi zinalia juu yako, na bahari iko chini kabisa, haikusaidii kitu. Matajiri wale wote, wenye viwanda na makontena, walikuwa wanatambaa kwa mikono kutafuta mipira majabalini. Ungecheka mpaka ushike mbavu. Mimi nilikuwa natazama tu nyuma yangu.

Kwa sababu walinipa mtu wa kucheza nafasi yako. Papa Célestin, yule mnunuzi wa Lubumbashi uliyekuwa ukigombania naye viatu vya shule. Nilipania kumchukia. Lakini alikuwa mtu mpole, hasemi sana, mpira wangu ukiangukia kwenye miiba anaingia mwenyewe, anatoka na damu mikononi, anapiga zamu yake, na mpira unakwenda. Hilo ndilo lililoniudhi. Mpira ulikuwa unakwenda bila wewe. Tulikuwa tunacheza vizuri, Kaka, watu wanatupigia makofi, na kila kofi nilikuwa naona kama wananipiga mimi usoni.

Tukafika kwenye korongo. Nililijua kabla sijaambiwa. Papa Célestin akashika fimbo, akaniangalia, sijui uso wangu ulikuwaje, akarudi nyuma. "Ma sœur, hii ni tour yangu, zamu yangu," akasema, "lakini piga tu." Laoban akatikisa kichwa kwamba sawa, hawatatuhesabia kosa.

Nikatoa fimbo yako. Nikasimama pale pale penye picha, miguu yangu mahali ambapo ingekuwa miguu yako. Nikafumba macho. Nikakuita moyoni, nikakuita tena. Nilisubiri sana, mpaka mtu mmoja nyuma akakohoa. Upepo ulikuwa upepo, na mbuzi walikuwa mbuzi. Basi nikapiga.

Mpira uliondoka kama vile ulivyokuwa ukinifundisha na nikashindwa. Ulivuka korongo lote, ukadunda mara moja, ukatulia jirani na bendera. Sijawahi kupiga hivyo na sitapiga tena. Nikageuka huku nacheka, Kaka, nilikuwa nacheka kwa kweli, nikakunyoshea fimbo nyuma yangu na nikasema kwa sauti, "Haya, zamu yako."

Papa Célestin akaipokea. Aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto, machozi yanamtoka. Nikakaa chini kwenye nyasi na sikuweza kuinuka. Walinibeba mpaka kwenye kigari. Mpira ule hatukuumalizia, tuliuacha pale ng'ambo, sijui nani aliuokota.

Nimerudi Guangzhou. Laoban anataka niendelee na biashara, Papa Célestin amesema nikipenda tuunganishe makontena, watu wote ni wema, na wema wao unanichosha. Naamka, nanawa uso, nafungua duka, nafunga. Picha yako ya korongo nimeibandua.

Mama alijua kilichonipeleka, akapiga simu siku niliyorudi. Hakuuliza habari za safari wala za duka. Aliniuliza, "Zuhura, ulimwona mwenzio?" Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia nilisimama mahali ulipopapenda, na nilikusikia ukicheka karibu kabisa na sikio langu. Mama alilia, akashukuru Mungu, na usiku ule, anasema dada wa kazi, alilala mpaka alfajiri kwa mara ya kwanza tangu afiwe. Siku hizi akinipigia anataka nimsimulie tena. Nami namsimulia, kila mara nakuongezea neno, jana nilikufanya uniambie nimpe salamu.

Nenda basi, Kaka Idi. Sitakuita tena, nisije nikakusumbua bure mahali usipoweza kuitika. Ninachokuahidi ni kimoja: Mama ataendelea kuisikia sauti yako kutoka kinywani mwangu mpaka siku yake, na hatajua. Kule mlimani hukuwepo. Ukweli huo nimekwambia wewe peke yako, na wewe hunisikii.

Mdogo wako,
Zuhura