Rangi ya Kucha Kwenye Ubao Wako

Baba,

Nilichukua ubao wako wa tawla, ule mchezo wa kete na dadu. Siku ya tatu baada ya mazishi niliufunga kwa leso nikaubeba kutoka Funyula hadi hapa Malaba, na sikumwomba mke wako ruhusa. Mchezo huu uliujifunza Juba ulipokuwa ukiendesha lori, ukanifundisha mimi kabla huyo mke wako, Nekesa, hajajulikana kwetu. Basi ubao ni wangu. Ndivyo nilivyojiambia.

Sasa madereva wanaosubiri makaratasi yao mpakani huja dukani kwangu kujifunza. Nawaeleza kwa maneno yako: kila mtu kete kumi na tano, nazo ni madereva. Wawili wameshavuka mpaka, wako kona ya mbali, ndani ya nyumba ya mwenzako. Watano wamekwama foleni, mwisho mwingine wa safu hiyo hiyo. Watatu wamefika yadi, upande wako. Watano wako nyumbani. Mwenzako naye anapanga vivyo hivyo, akikutazama.

Juzi dereva mmoja alimaliza kupanga kabla sijamaliza kueleza. "Mama, si alama ziko hapa?" Nikainama. Vitone vyekundu, na namba ndogo pembeni. Rangi ya kucha ya Nekesa.

Wivu ulinikaba, Baba. Mimi nilipokosea ulisema tu, "Angalia tena," ukaendelea na chai yako. Wiki nzima nilipanga kete zangu zikielekea kulekule zinakoelekea zako, nawe kimya! Kumbe yeye ulimwekea alama. Mke anatafuniwa, mtoto ajitafunie mwenyewe. Nikampigia simu nimpashe.

Aliniacha nifoke mpaka nikachoka. Kisha akasema, "Mzee ndiye alikuwa anasahau. Hiyo rangi niliweka mimi, ndio asiaibike watu wakikuja kucheza. Akaniambia wewe usijue."

Nikakata simu. Kila Jumapili uliniambia kwenye simu umewashinda Funyula nzima, nami nikacheka, nikaamini.

Nimelia. Lakini nisikudanganye, wivu haujaisha, na sasa umezidi. Mimi ulinipa mchezo. Yeye ulimpa aibu yako aitunze. Kwa nini si mimi? Ningefunga duka, Baba. Ningekuja nikupangie kete kila asubuhi na nisimwambie mtu. Au ulijua sina subira?

Jumamosi naurudisha ubao. Kitone hata kimoja sitakifuta. Nitamwita Nekesa mama, hata neno likiwa gumu mara ya kwanza. Tukiketi kucheza sitamhurumia, hilo usilitegemee.

Pumzika, Baba yangu. Nakuahidi sitaondoka kwake na moyo mchungu. Nitamwomba anisimulie mwaka wako wa mwisho, siku moja baada ya nyingine, mpaka na mimi niwe nao.

Binti yako wa kwanza