Mzimu wa Maporomoko Hapendi Viatu

Jinja, 1977

Dada Nabalayo,

Mimi mzima, meno tu ndiyo yananikimbia. Jumapili nilikwenda na mwanao Erisa kwenye maporomoko ya Budondo. Wanajeshi wanaomtafuta wakatufuata. Erisa akajificha ndani ya kibanda cha mzimu, mimi nikasimama mlangoni, nikawaambia:

"Afande, huyu mzee wa maji hapendi viatu. Aliyeingia na viatu mwaka jana, tumbo lilimvimba."

Mashujaa wetu wakainama kufungua buti! Walipomaliza, Erisa alishatokea nyuma, kaingia migombani.

Cleophas, aliyekupa barua hii, amebeba samaki wakavu kwa lori kwenda Kenya. Mwanao yuko chini ya magunia, ananuka lakini hai. Usilisogelee lori, dada. Mpe Cleophas chai, cheka naye, kisha mwache aondoke.

Kaka yako mtukutu,
Nicanor