Mdomo Kwanza, Sauti Baadaye

Kaka yangu Kimani, mbishi wa mtaa wa Mbotela,

Kila nikikukumbuka huwa naanza na swali lile lile: siku ile hospitalini, midomo yako ilipotikisika na sauti isitoke, ulikuwa unaniambia nini? Nimelibeba swali hilo tangu usichana wangu hadi leo kichwa kimeota mvi. Lakini ngoja kwanza, tucheke kidogo.

Unakumbuka Jumamosi za sinema pale soshol, ukumbi wa mtaa wetu? Madirisha yamezibwa kwa mablanketi, watoto wa mtaa mzima tumebanana sakafuni, na kwenye shuka jeupe Wachina wanarushiana mateke. Midomo yao ilitangulia, sauti ya Kiingereza ikafuata nyuma. Mtu mzima angejua kwamba sauti zilibandikwa baadaye. Sisi tungejulia wapi? Wewe ndiwe uliyetutangazia, kifua mbele: "Hiyo ndiyo siri ya kung fu. Bingwa husema kwa mdomo kwanza, sauti baadaye." Na sisi wajinga wako tukaitikia.

Basi nyumba yetu haikukalika tena. Mama akikuuliza kama umechota maji, unachezesha midomo kimya, unatulia, ndipo unasema, "Bado." Jumapili mchungaji alikupa mkono mlangoni pa kanisa, nawe ukamfanyia vivyo hivyo. Maskini mzee wa watu akainama akutegee sikio, akidhani amekuwa kiziwi! Mama alikufinya hadi ukapiga magoti.

"Ngai! Huyu mtoto sinema imemla ulimi?"

Nikacheka, nikafinywa na mimi.

Nyuma ya kamba za nguo ukafungua chuo chako. Fulana za ndani ndizo zilizokuwa sare, na akala zetu za matairi kutoka soko la Kariokor tulizivua tukazipanga ukutani kwa adabu. Wewe ulikuwa akta, yaani shujaa wa sinema, kila siku ya Mungu. Mimi, kwa kuwa ni msichana na ni mdogo, nilikuwa adui wa kufa kwanza. Nikilalamika unaniambia, "Akta hafi, Wambui. Hiyo ni sheria." Nilikasirika, haki, lakini niliamini. Kabla ya pigo lolote tulisimama tukitazamana, midomo ikacheza kimya, ndipo ukatoa sauti: "Anza!"

Halafu Juma, yule mtoto wa jirani, akamtukana Mama pale mferejini tulipochota maji. Damu ilinichemka. Nikamkabili, ngumi tayari, na kwa mazoea tu nikachezesha midomo kwanza. Juma naye akachezesha yake. Tukabaki pale tunatafuna hewa kama mbuzi wawili, mpaka akaangua kicheko, nami nikasahau kumpiga. Aliniomba msamaha, akanibebea debe langu hadi mlangoni. Wewe ulikuwa umesimama kando ukitazama.

"Umeona?" ukaniambia. "Ngumi imechoka kungoja."

Kisha ukakua, ukapata kazi, kifua kikaanza kukusumbua, mwisho ukalazwa. Saa ya kuona wagonjwa nilikaa ukingoni mwa kitanda chako. Ukaniangalia. Midomo ikafunguka, ikakaribiana, ikafunguka tena. Nami, mjinga wako, nikatabasamu, nikangoja sauti ifuate kama siku zote. Nilingoja mpaka muuguzi akanishika bega. Kaka, nilikukasirikia sana. Akta hafi, wewe mwenyewe ulisema.

Sasa nisikilize. Nilikuja kujifunza karate ya kweli, kwa mwalimu mwenye mkanda mweusi, na siku hizi nafundisha watoto pale pale soshol. Mjukuu wa Juma yumo, na mdomo wake una nguvu kuliko mateke yake. Mwalimu wangu hakunifundisha haya, lakini watoto wangu hawarushi ngumi kabla hawajachezesha midomo kimya. Wazazi wanadhani tunasali. Nawaacha wadhani hivyo.

Jumamosi iliyopita aliletwa msichana mdogo, mwoga, akajificha nyuma ya wenzake. Nikamwita mbele, nikainama mbele yake, nikachezesha midomo yangu. Hakucheka. Alinikazia macho, akangoja, kwa imani ile ile niliyokuwa nayo mimi ukingoni mwa kitanda chako. Midomo yangu ikafunguka, ikakaribiana, ikafunguka tena, na hapo nikalijua neno, Kimani. Miaka yote hii nalisema kila Jumamosi na sikulijua. Mtoto wa watu akaendelea kungoja.

"Anza," nikamwambia.

Akaanza.

Pumzika sasa, akta wangu. Sauti imefika.

Mimi mdogo wako, adui wa kufa kwanza,
Wambui