Fungu la Gari

Rumonge, Jumamosi asubuhi

Mama Rehema, mke wangu,

Kabla ya yote, kifua chako vipi? Kimeacha kubana? Na Rehema je, lile jino limeng'oka, au bado anazunguka mtaani akilitikisa kwa ulimi? Mimi mwili mzima, nashukuru Mungu, ila roho ilikuwa juu juu kwa muda, ndiyo maana nilikuwa kimya. Ningekupigia ungenijua kwa sauti tu, halafu nani angekulaza?

Uliniuliza jambo moja: umrudishie mwenye nyumba chumba chake, ufunge cherehani uje huku na mtoto, au usubiri? Najua mzee yule anakugongea kila asubuhi akitaka jibu. Nilishindwa kukujibu kwa sababu kazi yenyewe ya kukulisha huku ilikuwa inaniponyoka mkononi. Basi soma barua hii yote kabla hujafunga chochote. Wala usirukie mwisho, nakujua.

Bi Zaituni, tajiri yangu, unamjua kwa kumsikia. Ana mashine ya kukamua mawese kule Kizuka, na pikapu ninayoendesha ni yake. Baba yake, Mzee Ramadhani, ndiye aliyenipa chumba uani kwake hapa mjini bila hata kuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Kila wiki tunapakia madumu ya mawese, mimi na Bi Zaituni, tunapanda milimani hadi Bururi, tunalala huko, asubuhi tunauza, tunashuka na viazi. Huku ziwani ni joto, tunatokwa jasho tumekaa tu. Bururi watu wanaingia sokoni na makoti. Mimi mtu wa Ujiji huwa nalala na soksi.

Sasa asubuhi moja huko Bururi niliwasha gari, likawaka vizuri kabisa. Nikakanyaga klachi, ikawa nzito kama nimetia mguu kwenye ugali. Gia ikaingia bila shida. Nikaachia klachi, nikakanyaga mafuta: injini inalia, gari limesimama. Namba mbili, hivyo hivyo. Rivasi, hivyo hivyo. Watu wakaanza kukusanyika kutuangalia, unajua tena watu wa soko. Jua lilipopanda nikajaribu mara nyingine, likaondoka kama halijawahi kugoma. Tuliporudi Rumonge nikalipeleka kwa fundi. Akalizungusha mtaani, akashuka anacheka.

"Hii gari iko nzima. Labda dereva ndiye iko mugonjwa."

Safari iliyofuata, mambo yale yale. Bi Zaituni hakupiga kelele, na bora angepiga. Alisema taratibu, amekaa pembeni yangu na mkoba wake magotini:

"Shabani, weye unakalisha muguu ku ambreyaji saa yote, ndiyo unaiua." Ambreyaji ndiyo klachi, huku vyuma vyote vina majina ya Kifaransa. "Ikigoma tena, unanipa funguo. Mutoto wa kaka yangu iko na permi, anakaa bure nyumbani." Permi ni leseni ya udereva.

Mke wangu, niliapa kwamba mguu wangu hauna tabia hiyo, lakini nani anamwamini dereva? Hapo ndipo nilipokuwazia wewe na cherehani yako kichwani, mmefika bandarini hapa, mimi sina kazi na nimefukuzwa hata uani. Niliogopa, sikufichi.

Tukapanda tena Jumanne. Jumatano asubuhi, baridi kama kawaida, gari likagoma. Bi Zaituni akanyoosha mkono wake, kiganja juu. Nikamwambia, "Mama, nipe mpaka jua litoke. Baada ya hapo chukua."

Nikaanza moja moja. Gia inaingia, kwa hiyo wenzo wa gia ni mzima. Nikamwomba muuza viazi mmoja achungulie chini ya gari huku mimi nimetia gia na kuachia klachi: ile shafti ndefu inayokwenda magurudumu ya nyuma inazunguka? Akasema haizunguki hata kidogo. Basi ugonjwa hauko nyuma. Na injini haikusita hata kidogo nilipoachia, maana yake klachi haishiki kabisa. Fundi yeyote hapo angesema sahani ya klachi imekwisha. Lakini sahani iliyokwisha inanuka kuungua, na ikipata moto ndiyo inazidi kuteleza. Hili letu likipata joto linapona! Nikakaa juu ya dumu nikijiuliza, kitu gani kwenye gari kinaumwa na baridi?

Nikaingia chini na spana. Pale ubavuni mwa giaboksi kuna silinda ndogo inayosukuma klachi kwa mafuta ya breki, na ina nati ya kutolea upepo. Nikawaza, kama kuna kitu kimeizuia klachi isirudi, nikifungua hapa kitatoka. Nikalegeza. Mafuta ya breki hutoka kama maji. Haya yalitoka taratibu, mazito, mekundu, yamejikunjakunja kama dawa ya meno. Na wakati huo huo nikasikia chuma kimerudi mahali pake, klik.

Nikatoka nje na kidole changu chekundu. Bi Zaituni akakishika, akakinusa. Amekamua mawese tangu usichana wake, hakuhitaji kuambiwa.

"Ni yetu hii," akasema. Mawese huganda kwa baridi, na wote wawili tulishajua ni mkono wa nani uliyatia.

Hujui desturi ya nyumba hii, nikueleze. Kila wanapokamua, mafuta ya kwanza hayauzwi. Ni ya kugawa: jirani kikombe, mwenye mtoto mchanga kikombe, hata bawaba za mlango na mnyororo wa baiskeli vinapata tone. Mwenye kugawa ni Mzee Ramadhani, kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, na chupa yake ndogo. Nilimwona mara nyingi akifungua boneti na kufuta futa. Nikadhani anafuta vumbi.

Bi Zaituni akampigia simu palepale, akaweka sauti kubwa. "Baba, amahoro. Ku gari ulitia mafuta yetu?"

"Ee, nilitia!" Mzee alijibu kwa furaha. "Niliona kale kakopo kako mupungufu. Gari inabeba mafuta ya watu wote, yenyewe ikose fungu?"

Kile kikopo cha mafuta ya klachi kina mwenzake pale pale pembeni, cha breki. Na mteremko wa kutoka Bururi hadi ziwani unaujua kwa kusimuliwa: kona juu ya kona, na bonde upande mmoja. Mawese yanavimbisha raba za breki kama yanavyovimbisha za klachi. Nikachukua simu mikononi mwa tajiri yangu bila adabu yoyote. "Baba, na kile kingine? Kikopo kikubwa?"

Akasema, "Ile kifuniko ilinigomea. Mikono yangu haina nguvu tena. Nilitaka nikuombe weye uifungue Ijumaa hii."

Nilikaa chini, mama Rehema. Chini kabisa, kwenye udongo. Nilikifungua hata hivyo, mafuta ya breki yalikuwa masafi. Nikakikaza tena kwa nguvu zote.

Tulihangaika kupata mafuta ya breki ya kusafishia njia ile, siku hizi kila kitu cha gari ni cha kutafuta. Tulipoyapata, Bi Zaituni mwenyewe alipanda, akakunja kitenge, akawa ananikanyagia klachi huku mimi niko chini: kanyaga, shikilia, achia. Mpaka pakatoka peupe. Gari likaondoka. Tuliposhuka hakusema pole, si mtu wa hivyo. Alisema tu, "Funguo baki nayo," akageukia dirishani. Raba mpya tumeziweka jana.

Ungedhani nilipata usingizi. Wapi! Mzee Ramadhani aliposikia yote, aliacha kutoka uani. Chai yake ilirudi jikoni baridi. Akiniona anageuza uso. Nikawa nawaza, nimeipata kazi na nimempoteza mwenye chumba, na zaidi ya chumba, nimemvunjia heshima mtu mzima aliyekuwa anafanya wema. Nilitaka kwenda kumwomba radhi, sikujua niombe radhi ya nini.

Jana Ijumaa, kabla ya sala, nilikuwa naosha gari. Akatoka na chupa yake. Nikasema yarabi, asifungue boneti. Hakufungua. Alisimama mbele yangu akiangalia gurudumu.

"Shabani, gari haina tumbo. Nimeelewa." Akanipa chupa. "Fungu yake ni ya bibi yako sasa. Anafika lini?"

Huku bibi ni mke, anakuulizia wewe. Nikamshika mkono tukaenda naye msikitini, na njia nzima hakuuachia.

Nisalimie mama mkwe, mwambie mguu ule auweke juu anapokaa. Msalimie shemeji Idi wa baiskeli, na dada yangu Mwamvua ambaye najua atakunyang'anya barua hii aisome kwa sauti akiongeza ya kwake. Rehema mbusu, jino likitoka alihifadhi nilione.

Mwambie mwenye nyumba asante kwa kukuvumilia, chumba chake hiki hapa. Chupa nimeiweka dirishani kwangu, jua linaipata, mafuta hayajaganda. Funga cherehani, mke wangu. Njoo.

Mumeo anayekungoja,
Shabani