Nirudishie Pazia

Usquert, 6 Novemba 2006

Mwanangu Hilje,

Salamu hizi zikukute mzima, wewe na Ruben, na huyo aliye tumboni ambaye sitamtaja sana mpaka afike salama. Mimi sijambo. Upepo umeng'oa vigae viwili vya paa, na jirani yangu Aaltje ana mafua ambayo ameyagawa kijiji kizima bila uchoyo. Lingine la ajabu hakuna.

Nina ombi. Wewe unashinda kutwa katika duka la picha, kwa hiyo nimtafute nani mwingine? Nataka kamera, hizi za siku hizi zisizotumia filamu. Ile ya marehemu baba yako ina vitufe vingi kama kinanda cha kanisani, siiwezi. Nitafutie ya bei nafuu, isizidi euro mia na hamsini, yenye kitufe kimoja cha kubonyeza, basi. Lakini iwe na kioo kikubwa nyuma, kile kinachoonyesha picha. Kiwe kikubwa kuliko vyote mlivyo navyo. Hicho kioo ndicho hasa ninachokitaka, mengine amua wewe.

Mjukuu akija Aprili nataka nimpige picha mimi mwenyewe. Nataka nimwone vizuri.

Usinyanyue kitu kizito. Baada ya yale yaliyotupata mwaka jana, sitaki ubebe hata wazo zito. Ukiwa na la kukusumbua, lilete kwangu, mimi nina nafasi tele humu ndani.

Mama yako.


Maastricht, 19 Novemba 2006

Mama mpenzi,

Hujambo na upepo wako? Sisi hatujambo. Daktari anasema moyo wa mtoto unadunda vizuri, na mimi nimeshapita ule mwezi tuliompoteza mwenzake. Usiku nalala na mkono juu ya tumbo kama mlinzi wa benki. Ruben ananicheka, lakini naye anaamka kuniuliza kama mtoto anacheza.

Kamera umeipata, imo katika kifurushi hiki. Usikasirike, lakini sikuchukua yenye kioo kikubwa. Vile vioo vinamaliza betri upesi, na nje kwenye mwanga hata huoni kitu. Wazee wote wanaokuja dukani wanavitaka, halafu wiki ya pili wanarudi kulalamika. Hii ina kioo kidogo lakini lenzi yake ni nzuri mno kwa bei yake, na ina tundu la kuchungulia kama ile ya Baba. Ukikiweka kile kigurudumu kwenye alama ya kijani, inafanya kila kitu yenyewe, kazi yako ni kubonyeza. Niamini, Mama, kazi yangu ndiyo hii.

Bintiyo, Hilje.


Usquert, 10 Desemba 2006

Mwanangu Hilje,

Natumai hamjambo wote watatu. Huku ukungu umeganda juu ya mashamba na hautaki kuondoka. Nimekula supu ya njegere siku nne mfululizo, kosa langu mwenyewe kupika sufuria kubwa kana kwamba baba yako bado yupo.

Kamera imefika, asante sana. Ni nyepesi na kitufe nakijua kwa kupapasa. Ila lile tundu, mwanangu, nachungulia lakini hatuelewani mimi nalo. Je, dukani hawawezi kubadilisha? Hata kama yenye kioo kikubwa ni mbaya, mimi nitaridhika nayo. Lakini kama ni usumbufu, basi, liache. Nimesema tu.

Nakutumia kadi yake inayohifadhi picha uone nilivyojitahidi. Ukimaliza nirudishie.

Mama yako.


Maastricht, 21 Januari 2007

Mama mpenzi,

Heri ya mwaka mpya iliyochelewa. Mtoto anapiga mateke. Miguu yangu imevimba mpaka navaa viatu vya Ruben, lakini mengine salama.

Mama, picha zako! Nimecheka dukani mpaka bosi akatoka ofisini. Aaltje umemkata sikio. Paka ametokea mkia tu. Mchungaji wa kanisa yuko ukutani kabisa kama anayetafuta mlango wa kutokea, na katikati ya picha umeweka nini? Kabati! Hivi kabati hilo lilikulipa? Sikiliza mwalimu wako: mtu unayempiga picha muweke KATIKATI. Sikubadilishii kamera, maana kamera haina kosa. Fanya mazoezi, Aprili haiko mbali.

Halafu kwa nini siku hizi unaandika kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi? Barua yako ina maneno sita kila mstari.

Bintiyo, Hilje.


Usquert, 12 Februari 2007

Mwanangu,

Mzima? Mimi mzima. Nimekusikia, mtu katikati. Nitajaribu.

Kalamu hii ndiyo iliyokuwa karibu.

Mama yako.


Maastricht, 3 Mei 2007

Mama,

Natumai ulifika salama na treni zako tatu. Fenna ananyonya vizuri. Mimi sijambo, au tuseme nasimama.

Nimekaa wiki mbili nikitafuta namna ya kuandika hili kwa upole na sijaipata, kwa hiyo pokea lilivyo. Umesafiri kutoka mwisho wa nchi kuja kumwona mjukuu wako wa kwanza. Nilikuandalia mikate mikavu na zile peremende za waridi za kumkaribisha mtoto wa kike. Nikakupa Fenna mikononi. Nawe, Mama, hukumtupia hata jicho. Ulikaa na mwanangu kifuani saa nzima ukitazama pazia la dirishani.

Ndiyo, lilikuwa limefungwa mchana. Najua huko kwenu mtu mwenye heshima zake hafungi pazia jua likiwaka. Ulisema ulipoingia, "Huku kusini mnaficha nini?" nikacheka. Nilikuwa na mshono na maziwa yananivuja, sikutaka watu wa barabarani wanione. Lakini kukaa pale ukilihukumu pazia langu, na mtoto niliyempata kwa machozi yale yote amelala mikononi mwako! Hata ulipotoa kamera ulilielekeza pazia. Ruben aliona.

Umenivunja moyo.

Hilje.


Usquert, 10 Mei 2007

Mwanangu Hilje,

Natumai mshono umepona na Fenna anakua.

Una haki ya kukasirika. Nilikuwa nimechoka na safari, na uzee nao una vioja vyake. Pazia lako ni zuri, sikuwa na neno nalo. Nisamehe.

Jina la Fenna nimeliandika kwenye kalenda ya siku za kuzaliwa, ile tunayoitundika chooni kama kila nyumba huku, chini ya lako. Nimeliandika kubwa.

Mama yako.


Usquert, 2 Septemba 2007

Mwanangu Hilje,

Salamu. Kimya kimekuwa kirefu na simu hupokei, lakini Ruben aliniambia mko wazima, namshukuru.

Kadi ya kamera imejaa. Nimeiweka humu. Ukipata nafasi nichapishie ile ya Fenna niliyopiga Aprili. Ni moja tu niliyompiga. Zingine fanya utakavyo.

Mama yako.


Maastricht, 18 Oktoba 2007

Mama yangu,

Sisi wazima. Wewe je? Safari hii nakuuliza kweli, siyo kwa mazoea ya barua.

Mwezi uliopita nilikuchapishia ile picha na kuiposti bila neno hata moja, maana bado nilikuwa na kinyongo. Pazia nililikata lote. Fenna nikamsogeza katikati, uso wake ukaijaza karatasi nzima. Nilijiambia, haya, sasa mtazame.

Jana nilikaa na zile nyingine. Aaltje. Paka. Kijana wa posta na baiskeli yake. Kaburi la Baba siku uliyompelekea maua. Nikawa nakata, nasogeza, nakata, nasogeza, na ghafla nikaacha kukata. Mama, wote wako pembeni. Hata kaburi la Baba uliliweka pembeni, na katikati ni nyasi tupu. Mtu hawezi kulidharau kaburi la mumewe kwa ajili ya nyasi.

Niambie ukweli. Unapomtazama mtu usoni unaona nini? Toka lini? Ndiyo maana ya kalamu nene? Ndiyo maana ya kioo kikubwa? Uliniomba kioo, Mama, uliniomba mara mbili, nami nikakupa tundu la kuchungulia na mzaha juu yake.

Katika kifurushi hiki kuna kamera nyingine. Ina kioo kikubwa kuliko zote za duka letu. Nimeijaza Fenna: akilala, akila, akicheka na jino lake moja. Ukibonyeza kitufe chenye alama ya kujumlisha, uso unakuzwa. Jumamosi ijayo tunakuja sote.

Nisamehe, Mama yangu. Nijibu upesi.

Hilje wako.


Usquert, 12 Novemba 2007

Mwanangu Hilje,

Natumai mlirudi salama na Fenna hakupata baridi kwenye treni. Ulipokuwa hapa ulilia sana hata sikupata nafasi ya kukujibu, nami nikawa nakubembeleza tu. Sasa naandika taratibu. Mistari ikipandana, unisamehe.

Ilianza kiangazi kabla hujashika mimba. Katikati ya macho yote mawili pana doa la kijivu, kama mtu amepaka grisi miwani kwa kidole gumba. Nikimtazama mtu usoni, uso haupo, yapo masikio na nywele. Nikitazama kando yake, anakuja. Daktari wa macho alisema aina yangu haina dawa na doa litazidi kukua. Ningekuambiaje? Ulikuwa umemzika mmoja na unamlinda wa pili kwa mkono. Niliomba kamera ili nimpige picha Fenna, nimkuze kwenye kioo, nimtazame nitakavyo bila wewe kujua kitu. Halafu barua yako ya Mei ikaja, nikaogopa. Niliona ukishajua, utanitoa katika nyumba hii unipeleke makao ya wazee.

Kamera mpya ni nzuri. Uliniona nikiishika Jumamosi ile na kuitikia kwa kichwa, nikasema Fenna amependeza. Nilikudanganya, na huo uwe uongo wa mwisho. Mwaka jana ingenifaa sana. Sasa doa limekuwa kubwa kuliko kioo. Jana watoto walikuja na taa zao za Mtakatifu Martin, wakaimba mlangoni. Taa niliziona, nyuso sikuziona, nikawapa peremende wote pamoja na waliokuja mara mbili.

Lakini ile siku ya Aprili, Hilje, nilimwona mwanao. Nilitazama pazia lako saa nzima kwa sababu ndivyo nilivyoweza kumwona yeye. Nilimwona nyusi zake, hazina rangi bado. Nilimwona kidevu, ni cha baba yako kitupu. Alikunja mdomo usingizini, nikauona. Huo ndio uso wa mwisho niliouona sawasawa, na kama ningegeuka kumtazama ili wewe uridhike, uso huo ungenipotea.

Ile picha uliyoikata, Aaltje anasema imejaa uso mtupu na ni nzuri kupita kiasi. Kwangu imejaa doa. Nakuomba uichapishe upya, kubwa kuliko karatasi zote mlizo nazo, kama ilivyotoka mikononi mwangu. Usiguse kitu. Fenna muache palepale pembeni. Nirudishie pazia, mwanangu, nipate pa kuweka macho ninapomtazama.

Mama yako.