Usinitumie Sari

Kaka Dilesh,

Hujambo na wanao? Mbuzi wetu amezaa mapacha. Uzi wa rakhi, ule dada humfunga kaka kila mwaka naye kaka humpa zawadi, umo humu. Binti yako akufungie mkononi kwa niaba yangu.

Juzi mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, huo mnaoandamana ili ufungwe, ulizimika. Moshi ukakatika. Mama akaanika shuka nyeupe uani bila kuogopa majivu. Huku ndani, mashine ya kupumulia ya Baba, aliyopewa na zahanati ya mtambo huohuo, ikanyamaza. Tulimpepea kwa ungo hadi umeme uliporudi, na moshi wake. Baba akasema, "Mwambie Dilesh asiache. Ila ashinde polepole, mimi bado napumulia umeme wao."

Mwaka huu usinitumie sari. Nitumie betri ya mashine ya Baba. Ikifika tu, nakuja kuandamana nawe.

Dadako,
Sukhmati