Ukuta Ulionijengea

Baba Longino,

Salamu sikupi. Nimekukasirikia tangu siku ile walipokutoa chumbani umefunikwa shuka, na hasira yangu haijapoa, ingawa kila kitu kingine katika nyumba hii kimepoa. Ulitaka salamu, ungebaki hai usalimiwe.

Nakuandikia nikiwa jikoni, juu ya kigoda changu, mafiga yako mbele yangu. Mwandiko utauvumilia. Darasa la nne la misheni ndilo nililo nalo, na wewe mwenye la saba hukuwahi kuniandikia hata mstari mmoja, kwa hiyo usicheke. Mwanao kashuka mjini Mbinga kutafuta mafundi. Kesho wanalibomoa jiko hili. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kishindo huko ulikolala kwenye mibuni.

Nyumba usingeitambua. Yale madirisha yako ya mbao yaliyokuwa yakipiga kelele kwa upepo, Longino kayang'oa, kaweka ya vioo, pembeni yana mpira. Juu kapiga dari. Chini ya mlango kabandika kitambaa kinene. Hata upepo wa kuzima mshumaa haupiti. Nimefungwa kama samaki wa kopo, mimi niliyezaliwa Liuli, ziwa liko mlangoni na upepo haujawahi kubisha hodi.

Kisha akaleta hita. Imepachikwa ukutani chini ya dirisha, ndefu kama benchi la kanisani. Nikasema sawa, swichi iko wapi, niwashe nikitaka, nizime nikitaka. Akaniambia, "Mama, hii haina haja ya mkono wako. Itajiongoza."

Kinachoiongoza ni kidude cheupe, cha mviringo, kama kifuniko cha chupa ya chai, kina namba zinazowaka, kinapima joto. Fundi Kasto alitoka Songea kuja kukifunga, mtu mzima mwenye kitambi, mtaratibu. Alizima umeme wa nyumba nzima, akachimba mfereji ukutani, akapitisha bomba, ndani ya bomba nyaya tatu. Longino yuko Dar es Salaam lakini yuko humo humo chumbani, ndani ya simu iliyoegemezwa kwenye picha ya Bikira Maria, anaamrisha. "Fundi, usikiweke karibu na dirisha!" Fundi akamjibu, "Bosi, nimefunga vitu hivi mpaka Njombe. Niachie."

Nilimuuliza nyaya zote hizo za nini. Akasema mbili ni za kuiamuru hita, iwake, izime. Ya tatu ni ya kukiweka macho chenyewe, kisilale. Nikamwambia afadhali hicho, humu ndani aliyelala amelala moja kwa moja. Fundi akainamisha kichwa, hakujua acheke au atoe pole.

Basi akazunguka chumba na kiganja chake, anagusa kuta kama daktari. "Dirishani hapana, jua na baridi vitakidanganya. Mlangoni hapana. Upande wa hita hapana, kitakuwa kinaisikia hita tu." Akafika kwenye kitanda chetu, akasukuma mto wako, akaweka kiganja ukutani, akasema, "Huu hapa, Bibi. Huu ndio ukuta mtulivu."

Ukuta mtulivu! Baba Longino, nilitaka kucheka.

Maana ukuta ule haujawahi kuwa mtulivu. Ulikuja kwetu kuposa ukiwa na viatu vya kuazima, na marehemu mama yangu akakukazia macho: "Binti yangu wa ziwani unampeleka kwenye milima ya Wamatengo, akafe na baridi?" Wajomba zangu wakasogea wasikie. Ukasema, "Mama, hatalala na baridi hata siku moja. Nitamjengea." Wakacheka, kwamba baridi inajengewaje? Ukarudi huku, ukafyatua matofali, ukayachoma, ukajenga jiko limegusana mgongo na chumba cha kulala, mafiga upande huu, kitanda upande ule, ukuta mmoja katikati. Majirani wote jiko lao liko kule uani, sisi letu liko kisogoni. Wakasema Mmatengo huyu kalogwa na Mnyasa, analala na masufuria. Wewe kimya. Lakini nikipika maharage jioni, tukiingia kulala ukuta ulikuwa unapumua joto kama ng'ombe. Naegemeza mgongo, na wewe unaninong'oneza, "Usipa wangu, geuka, upande huo umeiva." Kuniita mimi dagaa, mwanamume asiyejua hata kuogelea! Nami nageuka.

Tuliishi hivyo mpaka tukazeeka. Kisha mwanao akatuletea gesi.

Nisiseme uongo, niliipenda. Macho yangu yalikuwa mekundu kwa moshi, kikohozi hakinitoki, na Longino alikuja likizo akaniona nikipuliza moto, akaondoka. Aliporudi, alikuja na mtungi na jiko la plate mbili, akaliweka sebuleni. Mama Winfrida wa jirani alikuja kulitazama kana kwamba tumeozesha. Nageuza kitufe, chai inachemka. Mafiga yakalala. Ukuta nao ukalala.

Wewe hukusema! Hilo ndilo ninalokugombeza nalo. Nilikusikia unajigeuza, unavuta blanketi, unapapasa ukuta na kiganja kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Nikakuuliza una nini, ukasema, "Hakuna. Mtoto katuletea kitu kizuri." Ungesema tu, mwanamume wewe, ungesema "Mke wangu, ukuta umekufa, washa moto," ningeuwasha na gesi ikae pale ipambe nyumba. Lakini uliona utamvunja moyo mwanao. Kisha dada yangu akafariki, nikashuka ziwani kumzika, nikakuacha peke yako na baridi ya Julai, na wewe ukaingiza jiko la mkaa chumbani, ukafunga mlango. Wewe! Uliyekuwa ukiwafokea watoto wa Kigonsera waliokuja kuchuma kahawa, kwamba mkaa hauingizwi ndani! Nilitoka kuzika nikaja kuzika. Ningekukuta unapumua ningekuchapa na mwiko.

Baada ya arobaini Longino alipigilia mbao mlango wa jikoni kwa mikono yake, huku analia. "Moto basi, Mama. Moto umeniulia baba." Ningemwambia nini? Nikamshikia misumari.

Ndipo zikaja hizo hita na vidude. Na kidude si cha kuamuru hita tu, kinapeleka habari. Mwanao anatazama namba zangu akiwa ofisini Dar. Nikifungua dirisha kutema mate, simu inalia: "Mama, joto limeshuka, kuna nini?" Nikiacha mlango wazi nimwite kuku, simu inalia. Nimelea watoto, nimezika watoto, nimelima mashimo ya ngolo kwenye mteremko nikiwa na mimba, leo nasimangwa na kifuniko cha chupa. Nikinuna, ananiambia ni upendo, Mama. Najua ni upendo. Ndiyo maana siwezi kutoka. Ingekuwa jela ningetoboa.

Mwezi huu upepo uliangusha nguzo, umeme ukakatika. Hita ikawa benchi kweli. Chumba hakina ufa hata mmoja, na baridi ilivyoingia haikupata pa kutokea, nikawa natetemeka mpaka meno. Gesi nayo imekwisha. Nilichukua panga lako, nikazing'oa zile mbao, nikaingia humu. Buibui wamekaa mpaka kwenye chungu. Nikawasha visiki vya mibuni ile mikongwe uliyoikata, vimekauka vizuri, vinaungua polepole bila moshi mwingi. Nikapika maharage, moto nikauacha humu humu jikoni, mlango wa nje wazi. Nikaenda kulala.

Baba Longino, ukuta uliamka.

Niliegemeza mgongo, kile kidude juu ya kichwa changu. Nikageuka mwenyewe. Hakuna aliyeniambia nimeiva.

Umeme uliporudi, kidude kikahisi ukuta una joto, kikaiambia hita usijisumbue. Mwanao akapiga simu anafurahi: "Mama, nyumba imeshika joto, hita haiwaki kabisa!" Nikasema, "Enhe." Neno moja tu, na nikaendelea kupika jikoni kila siku. Niliona nimewapata wote wawili, yeye na kidude chake.

Sikumpata mtu. Mwanao ni mtu wa hesabu. Siku moja asubuhi, mimi niko uani nageuza kahawa kwenye kichanja, simu nimeiacha kitandani, yeye huko akajiuliza: hita imezima, Mbinga ni Julai, joto linapanda. Linatoka wapi? Akaona kitu kimoja tu, jiko la mkaa. Akapiga, hakuna anayepokea. Akampigia Mama Winfrida, na Mama Winfrida ukimwambia kimbia hakuulizi wapi. Nilisikia kioo kinavunjika, nikazunguka nyumba, namkuta kashika jembe, anachungulia chumbani kwangu, anapiga yowe, "Mama Longino, usife!" Nikamwambia kwa nyuma yake, "Unavunja nini wewe?" Alianguka chini palepale. Alidhani ni mzimu. Tulicheka mpaka tukashikana, kisha simu ikalia ndani, na sauti ya mwanangu ilipotoka nikaacha kucheka. Alikuwa anahema tu, "Mama, Mama," kama alipokuwa mdogo na degedege limemwachia.

Alipanda basi siku ileile. Alifika, hakunigombeza. Aliona mbao zimeng'olewa, akaona majivu, akakaa kwenye kigoda hiki ninachokikalia. Akasema jiko libomolewe, pajengwe ukuta mtupu, na mimi nikikataa nihamie kwake Dar. Nikamwambia sihami, na jiko langu haliguswi. "Una kitu gani na hili jiko, Mama? Gesi unayo, hita unayo. Niambie kitu kimoja tu, nitaliacha."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa naanza kumwambia habari ya viatu vya kuazima, na matofali, na ukuta uliokuwa ukipumua. Angeliacha jiko, namjua, angelia na kuliacha. Lakini kabla sijasema, yeye akasema, kama anajisemea, macho kwenye majivu: "Kitu nisichokielewa ni Baba. Miaka yote hakuwahi kuingiza mkaa chumbani. Kwa nini mwaka ule?"

Nikafunga mdomo.

Unaona nilipo, Baba Longino. Nikimwambia ukuta ulikuwa unatupasha, atauliza ulipoa lini. Na atajijibu mwenyewe, mimi nikiwa bado natafuta neno. Ataona mtungi wa gesi alioubeba begani kutoka stendi, anatabasamu, jasho linamtoka. Hatalala tena mtoto yule. Na haikuwa gesi. Ilikuwa baridi, na ukaidi wako, na mlango ulioufunga kwa mkono wako. Lakini nani atamweleza mtu wa hesabu akaelewa?

Kwa hiyo nilimwambia, "Mimi ni mzee tu, nimezoea moshi. Bomoa."

Akanitazama. Hajawahi kunisikia nikikubali kitu upesi hivyo. Akaniuliza kama naumwa.

Nilikuwa nakutukana kwa kunyamaza kwako. Kila siku, nikifagia, nikichambua maharage, nakutukana: huyu mtu alikuwa na mdomo wa nini? Sasa nimejua kimya hicho kinavyokaa kooni, kama mwiba wa samaki mbasa, humezi hutemi. Sikusamehe. Lakini nimekuelewa, na hilo nalo linanikera.

Nitakaa kwenye chumba kile. Fundi Kasto atakuja kukihamisha kidude au kukiacha, shauri yao. Hita itawaka, mgongo wangu utapata joto la kutoka mbele, hewa iliyokauka, madirisha yamebana. Nitakuwa napokea simu. Nitasema naam, mwanangu, nipo. Hutanisikia nikilalamika, ila kwako.

Ahadi ninayokupa ni hii, na unajua mimi ahadi sitoi ovyo: sitamwambia. Wala yeye, wala mkewe, wala Mama Winfrida, wala padri. Mimi ambaye ulisema mdomo wangu hauna mlango, nimeuwekea mlango, na kitambaa kinene chini yake.

Basi lala, mume wangu. Kwaheri ya leo. Mibuni iliyokuzunguka nimeipalilia, matawi yameinama.

Karatasi hii haiwezi kukaa nyumbani, Longino anapanga vitu, ataiona. Visiki vya mwisho nimevisimamisha kwenye mafiga, na hii itakuwa ya kuwashia. Maharage nimeshayaweka chunguni. Ukuta utachelewa kidogo, kisha utapata moto kama zamani, nami nitakwenda kuuegemea upande mmoja, halafu wa pili, kabla hawajaja na nyundo. Na kile kidude kitamwambia mwanao, huko mjini aliko, kwamba mama yake ana joto. Mwambie Mungu wako huko kwamba mara hii hakikudanganyika.

Mimi,
Usipa wako